Eda ya Mwanaidi

Rukia mwanangu,

Umekwenda Kinondoni kumuaga baba yako, na hutarudi mapema maana mke wake hatakuachia utoke bila kula. Nautumia mwanya huu. Ana kwa ana tumeshindwa, mimi na wewe. Asubuhi ulinipigia magoti ukaniomba radhi ya safari, na mimi nikainuka nikaenda uani kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha oshwa. Uliniona. Ukachukua mkoba wako ukatoka.

Sitakuandikia habari za chandarua na dawa za malaria. Hayo unayajua, na usiyoyajua utafundishwa na mbu. Wala sitakufundisha kazi. Kila Jumapili nalinunua hilo gazeti lenu jipya nalisoma na kalamu mkononi nikitafuta mahali ulipokosea, nakosa, nakasirika. Unaandika vizuri kuliko mimi nilivyoandika katika umri wako. Nimelisema hilo kwa majirani, kwako nilikuwa bado.

Nataka ujue tu kwa nini nimekunyima radhi mpaka saa hii. Unakwenda Ngara, wanakovuka mto watu wanaokimbia vita ya jirani, na wenzangu wa zamani wananipongeza eti mtoto wa nyoka. Mimi naogopa. Naogopa mpaka naona haya. Tangu uliponiambia, chakula hakipiti, na ukikohoa tu chumbani nainuka kitandani kama vile wewe ni mtoto mchanga. Umedhani nimekasirika. Hasira ni rahisi kuionyesha, basi ndiyo niliyokuonyesha.

Ulikuwa darasa la tatu au la nne askari wetu walipopelekwa Msumbiji. Sijui unakumbuka nini. Labda unakumbuka malori yakipita Kilwa Road alfajiri na askari wakiimba, na mimi nikikuzuia usitoke na nguo ya kulalia. Ile ya Kagera, kabla yake, ilikuwa vita ya nchi nzima. Tulichanga, tuliimba, kila redio ilikuwa mbele ya nyumba imefunguliwa hadi mwisho. Hii ya Msumbiji ilikuwa vita ya nyumba chache tu. Ukiwa na mtu huko, uko vitani. Kama huna, wewe unahangaika na mitumba.

Na mitumba ilikuwa imetukolea. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sabuni tangu usiku, ghafla kila kitu ruksa. Tandika marobota yanafunguliwa watu wanapigana vikumbo. Kariakoo televisheni za rangi zimepangwa dirishani, watu wamesimama nje wanatazama kwa kanda za video kandanda la nchi wasizozijua. Mimi nilikuwa ukurasa wa wanawake. Mhariri wangu alikuwa mtu mwema, ila akilini mwake mwanamke wa gazetini ni jiko lenye kalamu. "Mama Rukia, vita waachie vijana," alikuwa akiniambia. "Wewe niletee namna ya kuchagua koti zuri kwenye mtumba." Nikampelekea. Niliandika namna ya kukagua pindo na bitana, na nadhani ilikuwa makala nzuri.

Siku naiandika hiyo makala nilimkuta Mwanaidi palepale Tandika, kiuno kimeinama juu ya rundo, anachagua koti la kiume. Mwanaidi wa nyumba ya tatu, yule ambaye wewe unamwita Ma'mkubwa hata baada ya mimi kukukataza. Wakati ule alikuwa shoga yangu wa kufa na kuzikana. Mumewe, Sajini Shomari, alikuwa ameondoka na malori yale.

"Nasikia huko kusini usiku baridi inakata," akaniambia. "Hili kama linamtosha mabega, eh? Wewe ulishamuona mabega yake."

"Mie mabega ya mume wako nayajulia wapi?"

Akacheka mpaka muuza mtumba akacheka naye. Koti akalinunua, akamtafuta mtu wa kumpelekea, sijui kama lilifika.

Wake za askari walikuwa na desturi ya kuja barazani kwetu jioni. "Mama Rukia, wewe uko gazetini. Huko vipi?" Nilikuwa sijui kitu, mwanangu. Tulichokuwa tukikipata ofisini ni kile kile walichokisoma wao kesho yake. Lakini nilipenda kuulizwa. Nilikuwa nakunja nne, nashusha miwani, nasema, "Hali ni shwari," kwa sauti ile ya mtu anayejua zaidi ya anavyosema. Wakaondoka wamefurahi na mimi nikabaki nimejiona mtu. Huko uendako utavaa kitambulisho shingoni, na watu watakuja kukuuliza kama nilivyoulizwa mimi. Ukiwa hujui, sema hujui. Ni neno gumu sana kulitamka mbele ya mtu anayekutazama vile.

Mwaka ule, siku chache baada ya Idi, nilitumwa hospitali kuandika habari za wauguzi. Kwenye wodi moja kulikuwa na askari mmoja, Koplo Elias, kijana wa Songea, mguu wamemkata juu ya goti. Muuguzi akaniomba nimsalimie kwa sababu hakuwa na ndugu mjini. Nikakaa naye. Akaniuliza nakaa wapi, nikamwambia Temeke. Akafunga macho kidogo.

"Mama, Temeke kuna mke wa Sajini Shomari. Unamjua?"

"Jirani yangu."

"Mpe pole," akasema. "Sie tulimzika wenyewe. Mwisho wa mwezi wa Ramadhani. Alikuwa anafunga hata huko."

Nilimshika mkono tu. Ulikuwa wa moto, ana homa kali, na muuguzi akaja akaniambia mgonjwa huwa anasema maneno mengi, asubuhi anasema hiki jioni anasema kile.

Hapo ndipo mwandishi aliponishika, Rukia. Jirani alikuwa ameanza kulia ndani yangu, mwandishi akamnyamazisha: umesikia kwa mtu mmoja, mgonjwa, ana homa, kathibitishe. Nikaenda kwa wakubwa wanaohusika. Nikapokelewa vizuri, nikaagiziwa soda, nikaulizwa watoto hawajambo, nikaambiwa habari hiyo hawana. Nikarudi kwa mhariri. Akasikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akasema, "Hiyo si habari, Mama Rukia. Mtu mmoja kitandani hatoshi." Kwa sheria ya kazi yetu alikuwa sahihi kabisa. Sheria hiyohiyo nimekufundisha mimi mwenyewe, mezani hapa ninapoandikia.

Basi nikanyamaza. Nikajiambia nangoja ithibitike.

Unajua mambo ya Temeke baada ya Ramadhani. Mfungo mosi, mfungo pili, mfungo tatu, harusi zinafukuzana, na harusi bila Mwanaidi ilikuwa haijanoga. Yeye ndiye aliyekuwa akisimamia masufuria ya pilau, na pilau likishaiva ndiye anayeongoza nyimbo. Zilipita harusi nyingi. Katika moja, ya hapo mtaa wa nyuma, nilikaa kwenye mkeka nikamtazama. Mikono ina hina mpaka kwenye viwiko, nywele zina asumini, anaimba jasho linamtoka, wanawake wanamtunza. Mjane. Alikuwa mjane anacheza, na katika watu wote waliokuwa pale ni mimi peke yangu niliyelijua hilo, au niliyedhani nalijua.

Akanijia anacheka. "We Mama Rukia, mbona umenuna kama umefiwa?"

Nikamwambia kichwa kinaniuma. Akafungua kanga yake ya juu akanifunga kichwani, akaibana vizuri, akaniuliza kama imelegea. Kisha akarudi kucheza. Nimeandika mambo mengi katika maisha yangu, na hili sijawahi kulipatia maneno, hata sasa silipatii.

Taarifa yenyewe ililetwa mfungo sita, siku za Maulidi. Walikuja watu wawili wamevaa vizuri, wakamwambia kwa heshima, wakamtajia na siku mumewe aliyokufa. Mwisho wa Ramadhani. Mwanaidi akapiga kelele mara moja tu. Wanawake tukajaa, tukatandika mikeka, mashangazi wakatafuta nguo nyeupe za kumvika ili aingie eda. Hapo ndipo mtu akaona bora aulizwe maalim.

Maalim alikuwa mzee mpole na hakupenda kusema alichosema. Alisema kupitia pazia kwamba eda ya mfiwa inahesabiwa tangu siku ya mauti, si tangu siku ya kupata habari. Miezi minne na siku kumi zilikuwa zimekwisha pita. "Bibie hana eda tena," akasema. "Ameshaimaliza."

Sijui kama kizazi chenu mnalielewa hili. Tunalalamika sana kuhusu eda, kukaa ndani, kutopaka manukato, kutojipamba. Lakini ndiyo heshima ya mwisho ambayo mke anampa mumewe, na ndiyo nafasi anayopewa na mtaa ya kulia bila kuulizwa kwa nini hajapika. Mwanaidi akanyang'anywa yote mawili. Khitma ikasomwa, kesho yake watu wakatawanyika. Eda yake alikuwa ameikalia kwenye harusi. Na Temeke ni Temeke: haikupita wiki wakampa jina, Mjane wa Hina. Walisema wakicheka, wanawake walewale waliokuwa wakimtunza.

Baadaye Elias akaja kutoa pole, na magongo yake, kijana muungwana. Akakaa barazani kwa Mwanaidi, akanywa chai, akamwambia, "Mie salamu nilizileta mapema, nilimpa yule mama wa gazeti." Hakuwa na nia mbaya. Kwake yeye ilikuwa ni amana, na alidhani imefika.

Mwanaidi akaja mlangoni kwetu. Hakuvua viatu, hakuingia.

"Ulijua?"

"Nilisikia," nikamwambia. "Nilikuwa sina hakika. Nilikuwa nathibitisha."

"Unathibitishia nani?"

Nikamwambia habari za homa, za mguu, za wakubwa, nikaongea kama ninavyoongea nikibanwa, maneno mengi na yote ya kweli. Akaningoja nimalize.

"Umeninyima eda yangu," akasema. "Mume wangu yuko chini ya udongo, na mie nafungwa kanga kiunoni kukata mauno. Na wewe umekaa mkekani unanitazama."

Akaondoka. Ofisini kwetu vifo vya askari wa kule vikaja kuandikwa kwa ufupi sana, chini ya habari kubwa ya mambo mengine. Nilitafuta jina la Shomari halikuwemo.

Usidhani nakuandikia haya ili nikuhubirie. Ningekuwa na jibu ningelikupa kwa mstari mmoja. Miaka yote hii nimejiuliza: je, ningekwenda usiku uleule nikamwambia, akavishwa nyeupe, akaingia ndani, halafu Shomari akatokea na begi lake begani? Ningekuwa nimemliza mtu kwa ajili ya mume aliye hai. Mtaa ungenipiga mawe na ningestahili. Kwa hiyo sijui. Najua tu kwamba sheria ile ilitungwa kwa ajili ya gazeti, na Mwanaidi hakuwa gazeti. Alikuwa shoga yangu. Ningeweza kwenda kwake nikamwambia nimesikia neno baya na sina hakika nalo, kisha nikabaki palepale. Sikufanya hivyo kwa sababu nilimwogopa. Niliogopa kuwa mtu wa kwanza kumwona usoni akisikia. Kuthibitisha kulinipa mahali pa kujificha, mwanangu, na mahali pale ni pazuri sana, pana meza na kiti na watu wanakusifu kwa uangalifu wako.

Huko kwenye kambi utakutana na watu waliopoteza watu. Mmoja atakuambia jina, na siku ya pili utalisikia jina hilohilo kwa mwingine, katika habari mbaya. Utakuwa na kalamu, na gari la kurudi mjini linakungoja, na mhariri anataka mistari kabla ya jioni. Sikuambii ufanye nini. Nakuambia tu kwamba utajikuta hapo.

Sasa ya leo. Juzi ulinitajia kama mzaha kwamba ofisini kwenu wameuliza simu ya nyumbani, ukawapa ya dukani kwa Mwanaidi, kwa vile mtaa mzima hauna nyingine ya kulipia. Ulisema huku unapiga pasi, hukunitazama. Nilitaka kukupiga kofi. Tangu alipofungua duka lile sijawahi kukanyaga. Chumvi nanunua kule mbali, simu naenda kupigia Chang'ombe, na unafahamu hilo vizuri sana. Msibani tunapeana mkono kwa sababu watu wanatazama. Na wewe ukaenda kumpa yeye, katika watu wote, ile simu ambayo kama litakupata lolote ndiyo itakayolia.

Leo ulipotoka nikajifunga mtandio nikaenda.

Alikuwa anapima sukari. Amevaa miwani siku hizi. Simu iko mezani ndani ya kisanduku cha mbao chenye kufuli. Aliponiona hakuacha kupima.

"Karibu. Chumvi au simu?"

"Mwanaidi, Rukia anaondoka kesho."

"Najua. Jana kaja kuniaga. Kanipigia magoti hapohapo uliposimama, nimempa radhi zangu." Akafunga karatasi ya sukari, akampa mteja, akangoja mteja aondoke. "Wewe umempa?"

Nikatazama chini kwenye mizani.

"Hujampa," akasema. "Mtoto asafiri na radhi ya jirani, mama yake mzima yupo?"

Nililia, Rukia. Nililia pale dukani kama mtu asiye na adabu. Nikamwambia naogopa, silali, na nikamwambia nimekuja kuomba kitu ambacho sina haki ya kukiomba. Nikasema, simu hiyo ikilia, wakakutajia jina la mwanangu, usingoje. Hata kama wao wenyewe hawana hakika. Usifanye nilivyokufanyia mimi.

Akakaa kwenye kibao chake. Gari la soda likasimama nje likaondoka.

"Mie sijakusamehe," akasema. "Nisikudanganye. Nimejaribu, wallahi, kila Ramadhani najaribu. Inafika hapa inakwama." Akagusa koo. "Lakini nitakuja. Hata wakisema ni uvumi tu. Nitafunga duka nije nikae na wewe mpaka ijulikane, iwe kweli iwe uongo. Na kama itakesha, nitakesha. Ndivyo mie nilivyotaka kufanyiwa. Sikutaka kingine."

Akainuka akanipimia chumvi, ambayo sikuiomba. Nimeiweka jikoni.

Nimerudi nikakaa mezani kukuandikia haya. Sijapata amani. Usije ukadhani nimepata amani. Bado ningekufungia mlango kesho kama ningejua utabaki ndani. Lakini wewe uliona kabla yangu kwamba mimi nitahitaji mtu, ukanitafutia. Ukaenda kumpigia magoti mwanamke ambaye mama yako alimvunja moyo, ukamwachia simu na ukamwachia mimi. Mtu aliyelifikiria hilo siwezi kumzuia.

Basi pokea, mwanangu. Radhi zangu unazo, za uchungu wa kukuzaa na za maziwa uliyonyonya. Nenda, ukaandike, urudi. Ukirudi leo kutoka Kinondoni unikute macho au nimelala, uniamshe nikuwekee mkono kichwani nikuambie kwa mdomo.

Miaka yote hii nimekuwa nikingoja Mwanaidi aingie tena nyumbani kwangu. Kila hodi nilidhani ni yeye. Kuanzia kesho nitakuwa namwomba Mungu, kila siku, asije.

Mama yako